Hewa Kwenye Figo ya Barnabas

Benchi la Kezia liko Macalder, kando ya kibanda cha kuziba pancha, na chai ya rangi humiminwa hapo tangu mapema. Asubuhi hiyo lilimkalisha mumewe Barnabas, mchimba dhahabu, aliyerudi jana kutoka hospitalini Homa Bay. Kwa ugonjwa adimu, bakteria walikuwa wamemjaza hewa ndani ya figo. Madaktari waliitoa hewa hiyo kwa mrija mgongoni, wakamtibu kwa dripu, wakampa vidonge vya kumalizia. Kezia alikuwa na furaha hadi chai ikafurika vikombe. Ila kidonge cha asubuhi kilikuwa bado mezani, na Barnabas alikitazama kama mgeni asiyeaga.

— Mama Vale, homa imeisha. Hiki ni cha nini?

— Cha kumaliza, baba Vale. Daktari alisema.

— Hewa ni kazi yangu, alidakia Nyangau, fundi wa matairi, aliyeitwa Pancha. Tairi ikijaa sana unafungua vali, psss, basi! Umeona wapi tairi inameza dawa?

— Na mimi najua ilikotoka, alisema Elvis, ambaye husukuma hewa kwa mashine kwenye mashimo ya dhahabu ya Osiri, hivyo huitwa Kompresa. Siku ile ukiwa shimoni niliongeza presha, omera, ndugu yangu. Ikakuingia kwa kitovu.

— Kitovu!

— Si ulikuwa umeinama? Na shimo ikienda chini sana unavuta hewa ya Tanzania. Hiyo haina karatasi, ikashikwa kwa figo!

Benchi zima lilicheka, Barnabas akajishika ubavu. Kezia naye alicheka. Pancha huyu ndiye aliyefunga kibanda ampeleke mgonjwa hospitali, na Kompresa ndiye aliyemlisha mtoto wao Vale uji wakati Kezia yuko wodini na mumewe. Lakini kicheko hakimezi kidonge.

— Wahenga walisema, Pancha aliinua kidole, asiyekuwapo na lake halipo. Hewa imetoka, dawa yake nayo itoke.

Barnabas akakisukuma kidonge pembeni.

— Kesho narudi shimoni.

Kezia akakirudisha kidonge mbele yake.

Pembeni, bibi mmoja muuza omena, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka Muhuru Bay alikuwa ameshusha beseni lake, akingoja chai. Hakuna aliyemjua.

— Wajukuu, hiyo hewa ilitengenezwa na nani?

— Na bakteria, dani, alijibu Kompresa.

— Hewa imetoka. Wao wameenda wapi?

Barnabas alitazama ubavu wake, akakichukua kidonge.

— Mama Vale, alisema polepole, nipe maji.

Pancha na Kompresa waliruka pamoja, wakang'ang'ania jagi, nusu ya maji ikamwagikia suruali ya mgonjwa. Nusu iliyobaki ilitosha.