Karatasi Tatu za Josiane: Wasifu wa Mwalimu Pétronille Byamungu (1967–2025)

Tarehe 9 Aprili 1967, katika kanisa la kijiji chao juu ya vilima vya Masisi, alibatizwa Pétronille Byamungu, mtoto wa nne wa Papa Athanase na Mama Libérata. Daftari la ubatizo lipo na limesomwa. Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho chake, 1 Januari, ilibuniwa na karani mwenye haraka, naye marehemu aliilalamikia hadi mwisho.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha ualimu huko Sake, alikopata diploma mwaka 1987. Mwaka 1991 alikaa Goma miezi tisa akijifunza breli, yaani maandishi ya nukta zinazotobolewa kwa kalamu ya chuma na kusomwa kwa ncha za vidole. Tarehe 18 Julai 1992 alifunga ndoa na Papa Hubert, mkulima wa Itebero, katika eneo la Walikale, akamfuata huko. Walijaliwa watoto wawili, Samy na Aurélie.

Huko Itebero aliwafundisha watoto wasioona katika darasa moja na wenzao wanaoona, kwa miaka thelathini na miwili. Breli inataka karatasi ngumu. Nakala za barua alizoandikia maofisi, nyingi za kuziomba, ni arobaini na moja. Majibu kuhusu karatasi ni mawili, na yote mawili yanamwomba aandike barua nyingine. Basi akawa anatumia kalenda kuukuu za nyumba za watu. Mwaka mmoja kalenda za zamani zilimwishia, akaikata ya nyumbani kwake ingali mwezi wa kumi.

"Pétronille," Papa Hubert aliuliza, akiutazama msumari mtupu ukutani, "leo iko tarehe ngapi?"

"Uliza Josiane. Yeye njo iko na mwezi wa kumi."

Josiane huyo, binti wa majirani asiyeona tangu kuzaliwa, alifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwezi Juni 2022. Alijaza karatasi tatu kwa breli. Mwalimu alipaswa kuwapo ili anakili majibu kwa wino, lakini barua ya kumruhusu ilifika siku kumi na mbili baada ya mtihani. Karatasi zikaenda kwa wasahihishaji jinsi zilivyo, zikarudi zimeandikwa: tupu, hazina jibu.

Mwalimu alitembea siku mbili hadi ofisi ya mitihani. Mazungumzo haya aliyasimulia mara nyingi, bila kubadilisha neno.

"Mama, hii makaratasi haina kitu," alisema karani. "Iko na vipele tu, sawa vile kuku ilipita juu."

"Weka kidole, Papa. Haiume."

"Mimi ninasomaka na macho."

"Basi ile kuku ilimaliza shule ya msingi. Inangoja bulletin yake ya matokeo."

Karani alicheka, akaahidi kuzitunza karatasi vizuri. Na alizitunza: alizigonga muhuri kwa nguvu, moja baada ya nyingine, kisha akazilaza chini ya mashine nzito ya kuandikia ili zisikunjamane. Mwezi Machi 2024, kibali kipya cha kunakili kilipopatikana hatimaye, nukta zilikuwa zimelala. Vidole vya mwalimu, vilivyojifunza ukubwani, vilipata herufi moja katika tano. Aliomba Josiane aletwe, kwa kuwa vidole vyake vilisikia hata nukta iliyosagika. Alijibiwa kwamba sheria hairuhusu mtahiniwa kugusa karatasi zake baada ya mtihani. Akauliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Aliambiwa aandike barua. Ndiyo ile ya arobaini na moja.

Mwezi Novemba 2024 shinikizo la damu lilimlaza. Josiane, ambaye bila cheti hicho hakupokelewa sekondari, alikuja kila alasiri kumsomea Zaburi za breli kutoka kwenye kalenda. Siku moja aliifunga, akaanza kumsomea kwa moyo majibu yake yote ya mtihani, swali kwa swali. Alipomaliza akauliza, "Mwalimu, nilipita?"

"Mutoto wangu, sisahihishi kitu yenye sijasoma."

Josiane alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi, akakuta mwalimu amemwekea kalamu yake ya chuma juu ya mto wa kitanda.

Mwalimu Pétronille alifariki Jumapili, tarehe 11 Mei 2025, saa nne asubuhi, kwenye kituo cha afya, Papa Hubert na Josiane wakiwa kando yake. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na wanafunzi tisa wasioona ambao hadi leo hawana mwalimu. Mungu ampe pumziko ambalo maofisi hayakumpa.

Karatasi tatu za Josiane zingali chini ya mashine ile. Kama alifaulu, haijulikani.