Injini ya Phares Ngigi Haikutoka Japan

Tumekuja kumzika Phares Ngigi Kimani, na kabla udongo umfunike kuna maneno ya maisha yake lazima yasomwe yote. Wenye wako na haraka ya chakula wavumilie. Wenye walikuwa wanamcheka wasogee mbele, viti ziko.

Marehemu alizaliwa Huruma tarehe 14 Machi 1985, kwa nyumba ya mabati huko chini karibu na mto. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kimani, dereva wa lori, na Mama Kui, ambaye ameketi hapa mbele na kitambaa cheupe. Alitoka miguu ikitangulia, na mkunga akamwambia Mama Kui huyu atakusumbua. Huyo mkunga alikuwa anajua kazi yake.

Alianza shule ya msingi hapo Huruma mwaka wa 1992. Mwalimu akimwambia asome kwa sauti, Phares alikuwa anasoma na gia. Sentensi inaanza pole, inapanda, akifika kwa koma anashusha, akifika nukta anafunga breki na mdomo. Darasa lote linakufa na kicheko. Mwalimu alimchapa mpaka mkono ukachoka, mwisho akamuuliza, "Kwani wewe Phares ni mtu ama ni lori?" Akajibiwa, "Lori ni ya baba, mwalimu. Mimi niko na turbo." Akachapwa tena. Alimaliza darasa la nane 1999, akaingia sekondari, akatoka form two wakati Mzee Kimani alifariki. Tusidanganyane eti ilikuwa ni karo peke yake. Shule pia ilikuwa imemchoka.

Mwaka wa 2002 aliingia Kariobangi Light kwa gereji ya Mzee Matheka, ambaye alikuwa anafundisha kwa kurusha spana. Ile alama marehemu alikuwa nayo juu ya jicho ni ya spana namba kumi na saba, na Mzee Matheka ako hapa, hawezi kataa. Lakini alimfundisha. Kufikia 2010 Phares alikuwa na kontena yake mwenyewe ya gereji, na vijana wa gari za turbo kutoka Umoja, Buruburu na Kayole walikuwa wanapanga laini kwake. Alikuwa anaweka sikio kwa boneti, anafunga macho, anasema, "Silinda ya tatu inalia." Na ilikuwa ya tatu.

Alimwoa Wacera, fundi wa nguo, tarehe 26 Novemba 2011, kanisani hapo Huruma. Alifika na kucha nyeusi na pasta akakataa kumshika mkono. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Lorraine, mwaka wa 2013.

Sasa tufike kwa siku yenye iliharibu jina yake. Tarehe 8 Septemba 2019, kwa mashindano ya gari, mbele ya watu wote. Kivuva wa Umoja, mteja wake, alikuwa amemwambia amwekee turbo kubwa, ile ya kusukuma hewa ndani, kwa injini yenye konrodi ni zile za kiwanda. Konrodi ndio ule mkono wa chuma unabeba pistoni. Phares alijua haziwezi hiyo nguvu. Kivuva akamwambia, "Weka bana, kwani ni wewe utaendesha?" Na akaweka. Hapo alikosea, na hakuna mtu wa hii familia atasimama aseme hakukosea. Raundi ya tatu konrodi ilikatika, ikatoboa blok, ule mwili wa injini, ikatoka nje, oil ikashika moto. Kivuva alitoka mzima lakini bila kope. Shimo ilikuwa inaingia ngumi, na watu wakapanga laini kupigwa picha mkono ukiwa ndani.

Kutoka hiyo siku hakuitwa Phares tena. Aliitwa Dirisha, sababu ya hiyo shimo. Hata watoto wa barabarani, mvua ikianza, walikuwa wanamwambia, "Dirisha, jifunge, kunanyesha!" Wateja wakaisha. Fundi wa turbo akabaki kubadilisha breki za pikipiki.

Angeweza kuacha. Badala yake aliamua atajenga injini moja yenye haiwezi kuvunjika, watu waione, na jina yake irudi. Hicho tu ndio kitu alitaka kwa dunia hii. Hakutaka ploti, hakutaka kwenda Canada.

Alianza 2021. Krenkshafti, ile chuma nzito inazungushwa na pistoni, aliining'iniza kwa dari ya chumba, juu ya kitanda. Wacera akamuuliza, "Baba Lorraine, hii chuma ikianguka itaua nani kwanza?"

"Mimi. Iko upande yangu."

"Na mbona usiilaze chini?"

"Ikilala muda mrefu inapinda."

"Na mimi venye nimelala hapa miaka yote, nimepinda?"

Marehemu alimwangalia vizuri, akasema, "Kidogo." Alilala kwa kiti hiyo siku.

Blok za hizo gari za turbo juu ziko wazi. Silinda zinasimama ndani ya maji kama vikombe kwa beseni, na turbo ikisukuma sana zinatikisika. Alienda kwa Mzee Matheka wakachonga pete nzito ya alumini, wakaigonga hapo juu ishikilie silinda zote zisisonge. Pistoni akatafuta za kufuliwa kwa nyundo, si zile za kumiminwa kwa kalibu. Konrodi nene. Kila beringi alipima nafasi ya oil, na mara ya kwanza zilikuwa zinabana kidogo tu, kitu wewe na mimi hatungejua, na akafungua yote akaanza upya. Ilimchukua miaka miwili. Ikaisha.

Na hakuna mtu aliitaka. Aliwaendea wateja wa zamani mmoja mmoja. Mmoja wao, ameketi hapa na suti, alimwambia, "Dirisha, hiyo siwezi chukua hata ukiniongezea na gari."

Basi akafanya kitu chenye mtu wa Kariobangi tu ndio anaweza kufanya. Nyinyi wote mnajua injini ya Japan inakuja aje. Inakuja na vumbi, na grisi ya zamani, waya zimekatwa zinaning'inia, na namba imeandikwa na rangi ya manjano. Mkiona hivyo mnaamini. Mkiona injini imeng'aa mnasema imefunguliwa na fundi wa hapa, mnatoroka. Kwa hivyo Phares alichukua injini safi kuliko zote Nairobi na akaipaka uchafu. Akakata waya. Akaandika namba na rangi ya manjano. Akaipeleka na mkokoteni kwa Mumin, anayeuza injini za Japan, na Mumin akakubali iwekwe katikati ya zake.

Aprili 2023 Gordon wa Buruburu akaja kununua. Akamwita Phares amsaidie kubeba. Gordon akaipiga makofi juu kama ng'ombe, akasema, "Unaona kazi ya Mjapani? Hii hakuna mkono ya Kario imewahi gusa."

Phares akasema, "Inaonekana poa."

"Inaonekana aje wewe? Wewe Dirisha kazi yako ni kuifunga kwa gari tu. Ukifungua hata bolti moja ya ndani, nitakupeleka polisi."

Alifunga. Injini yake mwenyewe, amekatazwa kuigusa.

Na ilishika. Gordon aliongeza nguvu ya turbo, akaongeza tena, akashinda kila mtu alijaribu, akiwemo Kivuva. Mwanzo Phares alikuwa na furaha ya kichizi. Alikuwa anaacha chai ikipoa anaenda kusimama kando ya barabara kuisikiza ikipita. Lakini watu walianza kwenda kwa Mumin kuuliza, "Iko ingine kama ya Gordon?" Sifa zote zikaenda Japan, na yeye bado ni Dirisha. Alikonda kabla hata augue.

Ugonjwa ulianza Mei 2025. Sauti ikakwaruza. Kliniki ya kwanza wakampa dawa ya tonsils, ya pili dawa ya tonsils. Ya tatu wakasema ni kansa ya koo. Kufikia Septemba sauti ilikuwa imeisha kabisa, inabaki pumzi tu, na ni Wacera peke yake alikuwa anaisikia akiweka sikio karibu.

Akaamua atasema ukweli kabla aende. Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, Wacera alimshika mkono wakaenda kwa car wash ya Kayole, mahali wasee, wale vijana wa turbo, hukutana. Phares akamnong'onezea, na Wacera akasema kwa nguvu, "Anasema hiyo injini ya Gordon ni yeye aliijenga. Ndani kuna pete ya alumini aliweka. Rangi ya manjano ni yeye alipaka."

Walicheka mpaka mwenye kuosha gari akafunga maji asikie. Kivuva akasema, "Fungeni dirisha, baridi inaingia!" Mwingine akasema, "Aki kansa imepanda kichwa." Mumin alikuwa hapo. Wacera akamgeukia, "Mumin, si useme." Mumin akaangalia viatu. "Mimi nauza za Japan pekee, mama." Angesema nini? Angekubali, nani angenunua kwake tena?

Gordon akainua boneti. "Sawa, sitaki maneno mengi. Tufungue sasa hivi. Tukipata hiyo pete yake ndani, mimi mwenyewe nitamwomba msamaha kwa magoti." Vijana wakaleta spana, hapo hapo kwa matope na vumbi.

Hapo ndio jina yake ilikuwa. Bolti chache tu. Phares aliweka mkono kwa injini, ilikuwa bado moto, akaacha mkono hapo. Akavuta Wacera karibu. Wacera akakataa kusema. Akamvuta tena. Mwishowe akasema, analia, "Anasema isifunguliwe."

Wakacheka tena, na hicho kicheko cha pili ndio kilimuua, kansa ilimalizia tu. Walimpigia makofi mpaka kwa geti. Njiani Wacera alimfokea vibaya, akamuuliza kwa nini alimpeleka huko waaibishwe bure. Phares akampumulia sikioni, "Mikono yangu haiwezi kuifunga tena. Na hao hawawezi. Ningepata jina, injini ipate kifo."

Alifariki nyumbani Huruma, Jumanne tarehe 3 Februari 2026, alfajiri, Wacera na Mama Kui wakiwa kando yake.

Hatujamaliza. Jumatano iliyopita, kwa mkutano wa matanga, Mumin alisimama bila kuitwa, akasema, "Ile injini haikutoka kwa kontena ya Japan. Phares aliniletea na mkokoteni. Siku ile nilidanganya." Mzee Matheka akasema pete ni yeye alichonga, na hakuna siku mtu alimuuliza. Gordon akachukua funguo ya gari akaondoka.

Alhamisi Gordon akaweka gari sokoni. Kwa tangazo ameandika injini ya Japan, haijawahi kufunguliwa. Ijumaa akampigia mjane simu.

"Mama Lorraine, pole sana. Nilikuwa naomba hiyo maneno ya injini isiwekwe kwa programu ya mazishi. Kuna mtu anakuja kuona gari Jumatatu."

Wacera akamuuliza, "Kwani imewahi kukusumbua?"

"Hapana, hata siku moja. Lakini siku hizi nikikanyaga, naogopa."

"Karibu miaka mitatu umekanyaga hukuogopa."

"Sikuwa najua ni yake."

Wacera akakata simu, akapigia mwenye kuchapisha programu, akamwambia maneno ya injini yakuwe mengi zaidi na herufi ziwe kubwa. Ndio maana mko na karatasi nyingi hivi mkononi. Mwenye atanunua hiyo gari, anunue bila woga. Abadilishe oil mapema, aipe dakika ipate joto kabla akanyage, na akiulizwa ni injini ya wapi, ajibu ni ya Phares Ngigi wa Huruma.

Marehemu ameacha mjane Wacera, binti Lorraine, mama yake, Mama Kui, dada yake mkubwa Roseline, wapwa, na Mzee Matheka aliyemfundisha. Alitanguliwa na baba yake, Mzee Kimani.

Phares, umechoka na umefanya kazi. Mungu akupe pumziko la amani, na asiruhusu mtu akuamshe.