Lonnie Delano Spruill (1951–2023) na Namba ya Dirishani

Wasifu huu unasomwa nami, Vernell Spruill Gatling, dada mdogo wa marehemu na mtu aliyemshikia spana kwa karibu miaka hamsini. Msinishangae nikisoma kwa macho makavu. Tangu Jumatatu sisikii kitu, si uchungu wala njaa. Mchungaji ameniambia kilio kitakuja chenyewe. Nimemjibu kikija kitanikuta nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951 hapa Jamesville, North Carolina, nyumba ya nne kutoka kanisa hili, mtoto wa kwanza wa shemasi Wiley Spruill na mama Ola Mae. Tulizaliwa wawili tu. Mama alikuwa akisema Lonnie alikuja siku ileile aliyotajiwa na mkunga, asubuhi na mapema, kabla watu hawajaenda kwenye tumbaku.

Alisoma shule ya watu weusi ya hapa wilayani mpaka akahitimu mwaka 1969. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka 1967 aliifungua mashine ya kukatia majani ya mwalimu mkuu bila kuombwa, akaifunga tena, akabaki na skrubu moja mkononi. Mwalimu mkuu akamuuliza, "Na hii je?" Akajibu, "Hiyo waliizidisha kiwandani, mwalimu." Alichapwa. Mashine ilikata majani miaka kumi na miwili mingine.

Baada ya shule alitumikia jeshi miaka miwili akitengeneza malori. Mwaka 1972 aliajiriwa kiwanda cha karatasi, fundi mitambo, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2013. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi aliyoipenda ilianza mwaka 1974, aliponunua Kawasaki ya mwaka uliotangulia, silinda nne, akaiingiza katika banda la baba la kukaushia tumbaku na kuikata vipande. Alirefusha chuma cha nyuma kinachoshika gurudumu kwa shubiri mbili, akapanua silinda, akabadilisha kabureta, akaweka tairi pana lisilo na kashata, laini tupu. Baba alisimama mlangoni akamtazama.

"Unairefusha ili ikuwahishe kaburini?"

"Hapana, baba. Nairefusha ili isininyanyukie mbele."

"Basi angalau ioshe. Inanuka."

Nyie wa kanisani ambao hamjawahi kufika uwanja wa Piney Swamp, nawaeleza mara moja. Ni robo maili iliyonyooka, pikipiki mbili, taa zikiwaka mnaondoka. Kabla ya hapo kila mmoja anaandika kwenye pikipiki yake, kwa kiwi nyeupe ya viatu, muda atakaotumia, kwa sekunde. Wa polepole anatangulizwa, ili wote wawili wafike pamoja kama wamesema kweli. Ukimaliza haraka kuliko ulivyoandika, hata kwa chembe ya sekunde, umeshindwa. Kwa hiyo wapo wanaojiongezea muda kidogo, kisha wanabana breki mwishoni wasije wakawahi. Lonnie hakujiongezea kamwe. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, kwa hiyo aliyeandika ni mimi. Alikuwa akinitajia namba, "Kumi nukta kumi na mbili," na nikimuuliza kama nimpe nafasi ya kupumua, ananiambia, "Vernell, andika nilichosema." Alishinda mara nyingi. Aliposhindwa hakumlaumu mtu.

Tarehe 12 Juni 1976, saa nane mchana, alifunga ndoa na Earline Moye katika kanisa hili hili. Alifika saa saba na dakika ishirini, akakaa juu ya pikipiki uani na suti yake, akakataa kuingia. Mama mkwe alitoka mara tatu. Mara ya tatu alimwambia, "Baba, bibi harusi ameiva kwa joto huko ndani." Lonnie akaangalia saa yake na kusema, "Mama, kadi imesema saa nane." Saa nane kamili akaingia. Earline anasema katika miaka arobaini na saba hakumwambia narudi saa fulani akarudi saa nyingine. Mwaka 1983 wakajaliwa binti yao, Renita.

Mwaka 1989 kranki ya injini ilikatika, na Renita alikuwa anaanza shule, basi Lonnie akaifunika pikipiki kwa turubai. Ilikaa hivyo miaka thelathini. Mwaka 2019 alinipigia simu akasema, "Njoo na miwani yako." Tukaanza upya. Yeye alifunga, mimi nilipima. Renita alikubali kuiendesha, kwa kuwa ni mwepesi na hana woga.

Mwezi Februari mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Nilikuwapo. Alimwambia daktari, "Dokta, mimi ni mtu wa namba." Daktari akasema atafika mwisho wa Septemba, akijaliwa. Tulipofika nyumbani alinipa kiwi nyeupe na kuniambia niandike kwenye dirisha la jikoni: Septemba 30. Mimi niliandika Oktoba 14, siku ya mbio za mwisho za mwaka za pikipiki kuukuu. Aliitazama namba ile.

"Umeniongezea," akasema.

"Nimekupa nafasi ya kupumua."

"Unajua wanaoongeza huwa wanapatwa na nini."

Hakuifuta. Nilidhani amefurahi.

Pikipiki ilikamilika tarehe 10 Septemba. Tuliiwasha uani na Lonnie akasikiliza, amekaa kwenye kiti na blanketi magotini, akasema silinda ya tatu imechelewa, na kweli ilikuwa imechelewa. Tarehe 16 kulikuwa na mbio. Alisema, "Twende hizi." Nikamwambia tangi halijapakwa rangi, na dirisha linasema Oktoba. Rangi haikuwa sababu. Niliogopa kwamba akishaiona imekimbia ataridhika, aondoke. Hilo sijamwambia mtu mpaka sasa hivi, hata Earline, naye namwona hapo mbele ananitazama.

Tarehe 24 Septemba alishindwa kuinuka. Tulihamishia kitanda chake jikoni, karibu na dirisha. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Oktoba, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku tano kabla ya namba niliyoiandika. Hakuiona pikipiki ikikimbia.

Marehemu ameacha mke, Earline, binti, Renita, wajukuu wawili, Marquis na Delphine, mimi, na watu wa Piney Swamp, mliojipanga kule uani na pikipiki zenu mmezima injini kwa heshima. Leo ni tarehe 14. Uwanjani wamesogeza mbio hadi saa tisa. Baada ya mazishi kutakuwa na nguruwe wa kuchoma na kabeji ukumbini, kisha Renita atakwenda kukimbia.

Asubuhi alinishikisha kiwi akaniambia, "Shangazi, nipe ya kupumua kidogo, sijawahi kukimbia mbele ya watu." Nilimuuliza Jumapili kwenye majaribio alipata ngapi. Akasema kumi nukta kumi na mbili. Nikaandika 10.12.

Pumzika kwa amani, kaka. Wewe ulinitajia namba ya kweli. Aliyeandika nyingine ni mimi.