Hutoa Majina

Kwenye Noah ya abiria ya Kilosa kwenda Mikumi, binti wa kiti cha mbele yangu mwenye kompyuta mapajani alimwamkia mzee jirani yake, kisha akamwaga yake.

"Mzee wangu, saa nne nawaonyesha wafugaji akili mnemba yangu. Zana yake ya kufuta niliiandikia maelezo: hutoa majina. Nikaiomba hiyo akili mnemba initolee majina niyaone, ikaishika zana hiyohiyo, ikafuta orodha nzima ya majaribio!"

Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Umesema itoe, imetoa! Mimi nikisema toa ng'ombe, mke wangu huuliza: kumtoa zizini, au kumpa mkwe?"

"Lakini hii ina akili, ingejua."

"Mke wangu hana?"

Mimi nyuma yao nina watoto wanne. Hata "fagia" huwa naifafanua.

Binti akairudisha orodha, akaandika upya: "Hufuta majina kabisa. Usiitumie kuonyesha." Akajaribu. Majina yakajipanga kwenye kioo cha kompyuta, akapiga vigelegele, na gari zima tukaitikia.

"Ongeza iulize kwanza kabla ya kufuta," mzee akasema.

"Itanichosha kwa maswali!"

"Ikuchoshe!"

Tukafika Mikumi. Binti alishuka akicheka na kubisha, mzee akimfuata kwa sauti dirishani: "Iache iulize, mwanangu!"