Mstari Nilioupitisha Mferejini

Mheshimiwa Meya wa Jiji, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa idara, wenyeviti wa mitaa, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama watoto wangu, uliyevumilia miaka thelathini na moja ya mume anayetembea na rula mfukoni: nawasalimu wote kwa heshima.

Mkurugenzi amenisifu hapa mpaka nikageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine anayestaafu leo. Amesema kwamba katika ofisi ya ramani sijawahi kukosea kipimo. Ni kweli, vipimo vyangu vilikuwa sawa. Lakini mtu akistaafu anaruhusiwa kusema yale aliyoyameza akiwa kazini, na mimi lipo jambo limenikwama kooni kwa miaka kumi na miwili. Naombeni mnivumilie nilitoe.

Wakati huo, baada ya sensa, tuliagizwa kupitia upya mipaka ya kata zote za jiji. Kanuni yake si ngumu: kata zisipishane sana kwa idadi ya watu, ili kura ya mkazi wa huku isiwe nyepesi kuliko kura ya mkazi wa kule. Kata moja ilikuwa imefura, ikabidi imegwe. Nikakunja mikono ya shati, nikatandaza ramani mezani, nikauona mfereji mkubwa wa maji ya mvua unaokatiza katikati ya makazi, umenyooka kana kwamba ulichimbwa kwa ajili yangu. Nikapitisha mstari katikati yake, nikajumlisha watu wa kila upande, hesabu ikakaa. Siku ile nilikunywa chai kwa raha.

Sheria ilitaka wananchi watoe maoni. Je, sisi tuliyataka? Tangazo tulilibandika kwenye ubao wa ghorofa ya chini, kati ya orodha ya zabuni na ilani ya kukatika kwa maji, kwa herufi za kumtafutia mtu miwani. Kikao tukakiweka Jumanne saa nne asubuhi, katika ukumbi huu huu, wakati mwenye kibanda yuko kibandani na mwenye ajira yuko kazini. Tulipanga viti tisini. Walikuja watu watatu, na wawili kati yao walikuwa wanatafuta ofisi ya vyeti vya kuzaliwa.

Wa tatu alikuwa fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolishona halifumuki. Alikuja na uzi mweupe umemganda begani, akafungua mbele yangu karatasi ya kahawia, ile ambayo mafundi huchorea mitindo kabla ya kukata kitambaa. Alikuwa ameuchora mtaa wake: zahanati, bomba la maji, shule ya msingi, na kivuko cha mbao juu ya mfereji. Pembeni ya kivuko aliandika idadi ya watu wanaovuka kwa siku.

"Baba," akaniambia, "kwako mfereji ni mpaka. Kwetu ni njia. Zahanati iko ng'ambo, shule iko huku. Mdogo wangu anaishi ng'ambo, mimi naishi huku. Kivuko kikiwa katikati ya kata mbili, nani atakitengeneza?"

Nikamjibu kwamba kanuni inataka mpaka unaoonekana.

"Basi sogeza mstari wako mpaka kwenye ukuta wa maghala. Ule nao si unaonekana? Nyumba nimezihesabu mwenyewe, mlango kwa mlango. Kata hizo mbili hazitapishana hata watu mia. Baba, nguo unaweza kuikata ikapendeza mezani, mwenyewe akivaa asiweze kuinua mkono."

Ndugu zangu, mimi nilimwambia nini? Nilimwambia, "Mama, maoni yako tumeyapokea." Nikaigonga muhuri karatasi yake, nikaitia kwenye faili. Alasiri ileile nilikaa peke yangu nikakagua hesabu zake. Alikuwa sahihi. Lakini kuchora upya kungenichukua wiki mbili, na ripoti ilikuwa inasubiriwa Ijumaa. Na kwa kuwa maoni yake hayakuandikwa kwenye fomu yetu, mahali pa pingamizi za wananchi niliandika, kwa mkono huu mnaouona, maneno mawili: Hakuna pingamizi.

Mstari ukapita. Mbao za kivuko zikaanza kuoza. Wakazi waliandika barua kwa kata ya huku, wakajibiwa kwamba kivuko ni cha kule. Wakaandika kule, wakajibiwa ni cha huku. Sisemi hivi kuwalaumu madiwani wa wakati ule. Kila mmoja alifungua ramani yangu, na ramani yangu ikampa sababu ya kukataa. Masika ya tatu, mdogo wake Mama Pindo, aliyekuwa mpishi pale shuleni, alikuwa anavuka asubuhi kwenda kazini. Ubao ukakatika. Walimtoa mferejini akiwa hai, nyonga imevunjika. Alifariki hospitalini siku ya kumi na moja.

Wiki iliyofuata niliandikiwa niseme kivuko kile kiko kata gani, ili ijulikane nani awajibike. Nikaenda na tepu yangu, nikapima. Nikajibu, kwa ukweli mtupu, kwamba mpaka unapita juu ya ubao wa katikati.

Baada ya kuituma barua ile sikuweza kukaa ofisini. Nilikwenda kwa Mama Pindo. Nilimkuta anashona sare za shule, na hakusimamisha cherehani.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Wa msiba, au wa nini?"

Nikamweleza yote, hata yale maneno mawili.

"Ripoti niliisoma," akasema. "Mliibandika palepale ubaoni. Nikasema moyoni, kumbe siku zote jina langu ni Hakuna." Akakata uzi kwa meno. "Msamaha sikunyimi, baba. Ila msamaha hauvushi mtu mfereji."

Niliandika kwa wakubwa nikikiri kosa. Nikajibiwa kwamba mipaka haiguswi hadi mapitio yajayo. Kivuko cha zege kilichopo leo wamekijenga wakazi wenyewe, siku za mapumziko yao, huku kata mbili zikiwatazama.

Waheshimiwa, mapitio yajayo ndiyo haya ya mwaka huu. Rasimu za ramani zimeshatoka. Wenyeviti wa mitaa, msisubiri ubao wa ghorofa ya chini uwaite. Iombeni rasimu, ni haki yenu. Itandazeni mtaani, kila mtu aoneshe anakopita, anakotibiwa, watoto wanakosoma. Andikeni kwenye karatasi yoyote, hata ya kufungia sukari, lakini bakini na nakala yenye muhuri na mdai jibu la maandishi. Mkikataa mstari, semeni upite wapi badala yake, na mhesabu watu. Na nendeni wengi, kwa maana mtu mmoja ni rahisi kumwambia "tumeyapokea." Safari hii kikao ni Jumamosi, katika uwanja wa shule ile ya mtaani kwa Mama Pindo. Kukihamisha kutoka humu nilipigania miezi mitatu, na ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya hapa. Ningependa ingekuwa ya kwanza.

Juzi nilikwenda kumwalika Mama Pindo aje leo. Alikataa kwa upole, akasema ana nguo za watu. Nikamwambia, basi Jumamosi njoo, nami nitakuja, nitakaa upande wa wakazi, nitasema kila kitu. Akauliza, "Kusema nilishasema. Safari hii nani atakayeandika?"

Kuanzia kesho kalamu si yangu tena. Dada yangu unayepokea meza yangu ya ramani, umekaa mstari wa pili na daftari lako jipya: swali hilo linakuhusu wewe, na sina zawadi nyingine ya kukuachia.

Nawashukuru nyote kwa kuja kuniaga, na zaidi nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Kwaherini.