Papa Aliyemuua Barasa

Treni ya kutoka Mombasa ilikuwa imepita Gilgil wakati Nanyama aliposikia wanaume wawili mbele yake wakianza kubishana. Dalmas, kijana aliyekuwa akivua papa huko pwani, alikuwa anarudi kwao kumweleza mama yake kwamba papa amemuua mdogo wake, Barasa. Kimaiyo, mkulima wa Kuresoi, alimpa pole, kisha akasema heri papa wote wamalizwe.

"Hapana, mzee," Dalmas alisema. "Tuliwavua mpaka wakapungua. Samaki waliokuwa wanaliwa na papa wakajaa, wakamaliza chaza wote. Bahari bila papa inaugua."

"Papa amemla ndugu yako na bado unamtetea?"

"Ninamlilia. Lakini nimeona nilichoona."

Kimaiyo akasimama, ngumi amekunja. "Mimi mtoto wangu alichukuliwa na chui. Usiniambie chui ana faida." Nanyama akavuta kikapu chake karibu, asijue atazame wapi.

Dalmas hakuinuka. "Pole, mzee. Sasa nikifika nimwambie mama nini?"

Treni ikasimama Nakuru. Kimaiyo akabeba gunia lake, akasita mlangoni.

"Mwambie alizama, asibaki na chuki kama yangu," akasema, akashuka.

Dalmas akamgeukia Nanyama, lakini naye alikuwa anashukia hapo.