Homa ya Septemba: Maisha ya Mama Zdravka Koleva, Muuguzi wa Shule

Baba padri, ndugu, majirani, na ninyi mliowahi kukaa kwenye benchi lake mkishika matumbo, mimi ni Plamen, mkwe wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma haya kwa sababu, eti, mimi ndiye niliyebishana naye kuliko wote.

Mama yetu Zdravka Mincheva Koleva alizaliwa tarehe 11 Februari 1948 hapa mjini Elena, mtoto wa pili wa mzee Mincho mshona viatu, akaanza shule yetu ya mjini mwaka 1955, akahitimu uuguzi katika mji wa Veliko Tarnovo mwaka 1968, na tarehe 1 Septemba 1970 akaajiriwa kuwa muuguzi wa shule ileile, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minane bila kuhama chumba.

Kila shule ilipofunguliwa watoto walimjia wakiumwa matumbo na vichwa, wakiwemo wavulana walioanza kuota ndevu, naye hakumwambia hata mmoja kwamba anajisingizia, bali alimpima joto, akampa chai ya mnanaa, akamwambia, "Nitajie kitu kimoja tu unachokiogopa, vingine vitasubiri," kisha akaandika daftarini: homa ya Septemba. Mwaka 1983 daktari mkaguzi alimuuliza kwa ukali ugonjwa huo ameutoa kitabu gani, naye akajibu, "Kitabuni haumo, daktari, nimeutoa kwenye benchi hilo," ambako watoto saba walikuwa wamejipanga. Mkaguzi naye alipewa chai, akanywa, akaenda zake.

Tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Ignat Kolev, fundi wa kiwanda cha mbao, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa mtoto mmoja, Rumyana, mke wangu, na mjukuu mmoja, binti yetu Kalina, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu.

Januari mwaka huu Kalina alikwama akisoma mbele ya darasa, wenzake wakamcheka, na tangu hapo kila asubuhi akawa anatapika, nami, Mungu anisamehe, tarehe 12 Machi nilimburuta kwa koti mpaka getini nikimfokea, "Acha kudeka!", watu wakitazama. Mama alinijia juu: "Mkwe, huyo ni mtoto, si gunia la viazi! Leo afike kona, kesho afike getini, haba na haba hujaza kibaba." Nilimwambia hayo ni malezi ya kizamani, na Kalina hakuingia tena darasani hadi shule ikafungwa kwa likizo.

Mwezi huohuo wa Machi mama aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na alipoambiwa huenda asifike vuli, alijibu kwamba bado ana mgonjwa mmoja. Agosti nzima, mkongojo mkononi, alitembea na Kalina, kwanza mpaka duka la mikate, halafu getini, halafu mlinzi akawafungulia darasa tupu, wakakaa kwenye dawati wakila banitsa, ule mkate wetu wa jibini, makombo yakimwagika sakafuni. "Tumbo linauma, bibi," mtoto alisema. "Basi liume huku tunatembea, mjukuu wangu, miguu haijaumwa."

Jumatatu tarehe 15 Septemba mama hakuweza kuinuka, nikampeleka mimi, na Kalina akasimama getini na maua yake ya kumpa mwalimu siku ya kufungua shule, akasimama, akasimama, nami kwa mara ya kwanza maishani nikafunga mdomo wangu, mpaka akaingia mwenyewe. Nilipiga simu nyumbani nikilia.

"Ameingia?"

"Ameingia, mama."

"Hukumvuta?"

"Sikumgusa."

"Haya, sasa niacheni nilale."

Alifariki Jumatano tarehe 17, saa moja asubuhi, bila maumivu, Rumyana amemshika mkono, na nasema wazi kwamba tumelia, lakini mioyo yetu imetua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa mkoa waliompunguzia maumivu, majirani waliotuletea supu bila kuulizwa, walimu aliofanya nao kazi, na mlinzi wa shule.

Wengi mmeniuliza pale mlangoni, mjukuu yuko wapi, mbona hajaja kumzika bibi yake. Mama aliacha neno kwamba mazishi yakiangukia siku ya shule, mtu asimtoe mtoto darasani. Leo ni Ijumaa, saa tano na dakika kumi. Kalina yuko kwenye somo la hisabati.

Pumzika, mama, kwa amani.